Kweli au uongo: pulsari za kasi, nyota wenza na eksirei zao

Nyota kubwa ikilipuka, mara nyingine kitovu chake hubaki kikiwa tufe la nyutroni lenye masi inayozidi ya Jua letu, lililobanwa hadi upana wa kilomita 25 hivi. Tufe hilo likijizungusha na kuturushia mwale kila mzunguko, tunaliita pulsari. Zipo zinazojizungusha mara moja kwa sekunde, na zipo zinazomaliza mamia ya mizunguko ndani ya sekunde hiyo hiyo. Hizi za pili ndizo pulsari za milisekunde, na nyingi kati yake huzungukana na nyota nyingine, yaani zina mwenza.

Habari zake hutufikia kwa video fupi za mtandaoni, na waandaaji wa video hizo hawana choyo cha chumvi. Hapa nimekusanya madai yanayosikika mara kwa mara, na nimeyapima kwa swali la mwenye duka: nani analipa? Eksirei ni mwanga wa gharama kubwa. Nishati yake lazima itoke mahali, na ukishajua imetoka wapi, uongo mwingi huanguka wenyewe.

"Uhuru ilikuwa setilaiti ya Kenya"

Uongo, ila ni uongo unaoeleweka ulikotoka. Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaona setilaiti ichukue jina la siku. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, na vipima vya kundi la Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel. Kenya ilitoa bahari, jina na ikweta.

Na ikweta si mchango mdogo. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo husaidiwa na mzunguko wa Dunia yenyewe, na setilaiti inayopita juu ya ikweta hulikwepa kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji huvuruga vipima vya eksirei. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wakichungulia tu, kwa roketi zinazopanda na kushuka ndani ya dakika chache. Ndivyo Giacconi na wenzake walivyoigundua Scorpius X-1, katika kundinyota la Nge, mwezi Juni 1962. Uhuru ilikaa juu ikitazama kwa zaidi ya miaka 2, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Mpaka leo nyota nyingi za eksirei hutajwa kwa alama 4U, maana yake orodha ya nne ya Uhuru.

Kilichobadilisha mambo ni Centaurus X-3. Ilikuwa ikipiga kila baada ya sekunde 4.8. Kisha, kila baada ya siku 2 na saa chache, ilikuwa ikizimika, ikakaa hivyo kwa saa kadhaa, ikarudi. Mapigo nayo yalikuwa yakiwahi na kuchelewa kwa ratiba hiyo hiyo. Maelezo yaliyobaki yalikuwa mamoja: chanzo hicho kinazungukana na nyota kubwa, na kila mzunguko nyota hiyo hupita mbele yake na kukificha. Gesi ya nyota kubwa ilikuwa ikianguka juu ya tufe dogo la nyutroni na kuwaka kwa eksirei. Hercules X-1, yenye mapigo ya kila sekunde 1.24, ikatoa ushahidi wa aina ile ile. Hapo mlipaji alijulikana kwa mara ya kwanza: ni gesi ya mwenza, kwa nguvu ya mvutano.

Pulsari hizo mbili ni za polepole sana. Za milisekunde zilikuwa hazijulikani kabisa.

"Eksirei hupenya mwili, basi hupenya pia hewa, na darubini yake inaweza kujengwa mlimani"

Uongo. Juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi kuna tani 10 hivi za hewa, uzito sawa na maji ya kina cha mita 10. Eksirei ya hospitali hupenya kifua cha mtu, basi. Nazo eksirei nyingi za pulsari ni dhaifu kuliko za hospitali, hivyo humezwa juu kabisa ya angahewa. Hata kilele cha Kilimanjaro hakitoshi. Ndiyo maana kazi yote hii imefanywa na roketi na setilaiti.

"Inazunguka kwa kasi kwa sababu bado ni changa"

Hili linaingia akilini upesi, na kwa pulsari za kawaida ni kweli. Ile iliyo ndani ya wingu la Kaa, iliyobaki baada ya mlipuko ulioonekana na Wachina mwaka 1054, huzunguka mara 30 kwa sekunde, na kasi yake inapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mwaka 1982, Don Backer na wenzake walipotumia darubini ya Arecibo kule Puerto Rico na kukuta pulsari inayozunguka mara 642 kwa sekunde, wazo la kwanza lingekuwa kwamba wamekutana na kichanga. Lakini hapakuwa na wingu la mlipuko lolote pale, na kasi ya nyota hiyo ilikuwa haipungui ila kidogo mno. Ugasumaku wake ulikuwa dhaifu, maelfu ya mara chini ya ule wa pulsari za kawaida. Dalili zote zilikuwa za mzee.

Mwaka huo huo makundi mawili, moja la Ali Alpar na wenzake watatu, jingine la Radhakrishnan na Srinivasan wa Bangalore, India, yalitoa jibu moja. Pulsari hizi ni nyota zilizokwisha kuchoka, zikazungushwa upya. Mwenza anapozeeka na kuvimba, gesi yake huanza kumwagika. Haianguki moja kwa moja. Huja na mzunguko wake, ikafanya kisahani kinachozunguka tufe la nyutroni na kulisukuma kila inapoligusa. Sehemu ya kumi ya masi ya Jua, au pungufu ya hapo, inatosha kulifikisha kwenye mamia ya mizunguko kwa sekunde, mradi kazi hiyo iachiwe mamilioni ya miaka.

Jibu zuri, ila lilikuwa na dosari mbili. Kwanza, ile pulsari ya Arecibo haina mwenza. Pili, kama nyota huzungushwa na gesi inayoanguka, basi tulipaswa kuikuta hata moja ikiwa bado kazini: inawaka kwa eksirei za gesi na wakati huo huo inazunguka kwa milisekunde. Watu waliitafuta kwa miaka 16. Ilipatikana Aprili 1998, katika kundinyota la Mshale, na inaitwa SAX J1808.4-3658. Rudy Wijnands na Michiel van der Klis, wa Amsterdam, waliona katika takwimu za setilaiti ya RXTE eksirei zikipiga mara 401 kwa sekunde. Deepto Chakrabarty na Edward Morgan wa MIT wakaonyesha kwamba inazungukana na mwenza mdogo sana kila baada ya saa 2. Jambo hilo lisingeweza kuonekana kwa darubini ya redio, kwa sababu gesi inapoanguka redio hunyamaza. Ilihitajika setilaiti ya eksirei yenye saa sahihi kupita kiasi, na RXTE ilikuwa na uwezo wa kupima hadi sehemu ya milioni moja ya sekunde.

"Gesi isipoanguka, hakuna eksirei"

Uongo mkubwa, na vitabu vya zamani vina sehemu ya lawama. Vilifundisha kwamba pulsari za redio ni kundi moja na pulsari za eksirei ni kundi jingine, kila moja na mtaa wake.

Tuanze na gesi, kwa kuwa ndiyo mlipaji tajiri. Kilo moja ya gesi ikianguka juu ya nyota ya nyutroni hufika uso wa nyota ikiwa na mwendo unaokaribia nusu ya kasi ya nuru. Nishati inayotolewa pale ni mara 20 hivi ya ile ambayo kilo hiyo ingetoa kama ingekuwa haidrojeni inayogeuzwa heliamu ndani ya Jua. Hakuna ajabu basi kwamba mifumo hii ikiwa kwenye mlipuko huonekana hata kutoka upande wa pili wa galaksi yetu.

Sasa itazame PSR J0437-4715, iliyogunduliwa mwaka 1993 kwa darubini ya Parkes nchini Australia. Ni pulsari ya milisekunde iliyo karibu nasi kuliko nyingine zote zinazojulikana, umbali wa miaka nuru 510 hivi. Huzunguka karibu mara 174 kwa sekunde, na mwenza wake ni kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kumaliza mambo yake. Huzungukana kila siku 5.74. Kibete hicho hakimwagi gesi yoyote. Pamoja na hayo, mwaka ule ule wa 1993 Werner Becker na Joachim Trümper waliona kwa setilaiti ya ROSAT kwamba eksirei za nyota hiyo zinapiga sawasawa na mzunguko wake.

Zinatoka wapi? Juu ya uso wa nyota, penye ncha za sumaku, kuna mabaka yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja. Mzunguko wa sumaku kali huzalisha umeme, umeme huzirusha chembe, na baadhi ya chembe hizo hugeuka na kurudi zikaupiga uso wa nyota hadi ukawaka. Mwanga wake ni hafifu mno ukilinganishwa na ule wa gesi inayoanguka, tofauti ya mara milioni hivi. Lakini upo, hauzimiki, na anayelipa ni mzunguko wa nyota yenyewe.

Kuna na eksirei za tatu, na hizi haziko juu ya nyota kabisa. Pulsari hupuliza upepo wa chembe zenye kasi inayokaribia ya nuru. Mwenza akiwa karibu, naye akiwa na upepo wake au ugasumaku wake, pepo hizo hugongana katikati. Pale zinapogongana elektroni hupata nguvu mpya, zikizunguka ndani ya ugasumaku hutoa eksirei, na kali zaidi kuliko za mabaka ya joto. Setilaiti ya NuSTAR imezipima hadi nguvu zinazolingana na za mashine za hospitali.

Mtu wa kazi hii huzitambua kwa kuangalia saa. Zikipanda na kushuka kwa mzunguko wa nyota, kila milisekunde kadhaa, chanzo kiko juu ya nyota au jirani yake kabisa. Zikipanda na kushuka kwa saa kadhaa, sawasawa na jinsi wenza wanavyozungukana, chanzo ni pale kwenye mgongano. Na zikiruka ghafla mara elfu kadhaa na kudumu wiki au miezi, gesi imeanza kuanguka.

Kwenye daftari kuna kitu kimoja ambacho huwa hakisemwi. Mzunguko unaolipia aina ya pili na ya tatu haukuwa mali ya pulsari. Uliwekwa humo na gesi ya mwenza, kidogo kidogo, tangu zamani. Pulsari inatumia akiba iliyowekewa, na katika mifumo mingine inaitumia kumchoma yule yule aliyeiwekea.

"Pulsari ya mjane mweusi humla mwenza wake"

Nusu kweli, na hiyo nusu yenyewe imewekwa pabaya. Jina limetokana na buibui jike anayesemekana kumla dume baada ya kujamiiana. Mfumo wa kwanza wa namna hii, PSR B1957+20, uligunduliwa Arecibo na Andrew Fruchter, Daniel Stinebring na Joseph Taylor, na kutangazwa mwaka 1988. Pulsari huzunguka mara 622 kwa sekunde, na mwenza ana masi ya kama asilimia 2 tu za Jua, wakizungukana kila saa 9 na dakika chache. Kila mzunguko redio hukatika kwa muda, na hukatika kwa muda mrefu kuliko ambavyo mwili wa mwenza peke yake ungeweza kuziba. Amezungukwa na gesi inayopeperuka kutoka kwake.

Kwa hiyo kula kumekwisha. Kinachoendelea sasa ni kuunguza. Nguvu inayotoka katika pulsari hiyo kwa kupungua kasi ni makumi ya mara ya mwanga wote wa Jua, na sehemu yake humwagikia mwenza. Upande unaoikabili pulsari una joto kuliko uso wa Jua. Upande wa pili ni baridi kabisa kwa kipimo cha nyota. Setilaiti ya Chandra ilionyesha mkia wa eksirei ukiburuzwa nyuma ya mfumo mzima unapokata anga. Iwapo mwenza ataisha kabisa ni jambo jingine. Hesabu nyingi zinasema anavyopeperuka ni taratibu mno.

Wapo na ndugu zao waitwao migongo myekundu, kwa jina la buibui wa Australia. Wenza wao ni wakubwa zaidi, kuanzia sehemu ya kumi ya masi ya Jua hadi kama nne katika kumi. Hapa ndipo ile picha ya pulsari mbabe na mwenza mnyonge inapovunjika. Katika mingi ya mifumo hii eksirei za mgongano hupungua mwenza anapokuwa mbele yetu, na huwa kali pulsari inapokuwa upande wetu. Maana yake ukuta wa mgongano haujapinda kumzunguka mwenza, kama ungetarajia. Umepinda kuizunguka pulsari. Mwenza, mwenye masi ndogo mara kadhaa, ndiye aliyeusukuma upepo wa pulsari ukarudi nyuma. Kwangu mimi hili ni moja ya matokeo matamu zaidi ya fani hii, na sijaliona kwenye video hata moja.

"Ikishakuwa pulsari ya redio, hairudi nyuma"

Hivi ndivyo ilivyofundishwa: kwanza gesi na eksirei, halafu gesi huisha, halafu redio, na mlango hufungwa. Uongo. Mlango una bawaba mbili.

PSR J1023+0038, iliyo umbali wa miaka nuru 4,500 hivi, mwaka 2001 ilikuwa na dalili zote za kisahani cha gesi, hata ikadhaniwa ni kibete cheupe kinachopokea gesi. Mwaka 2007 darubini ya Green Bank, West Virginia, ikaisikia ikipiga redio mara 592 kwa sekunde, kisahani hakipo. Anne Archibald na wenzake walipoitangaza mwaka 2009 waliiita kiungo kilichokuwa kikikosekana, na kila mtu akadhani tumeiwahi ikivuka kwa mara ya mwisho. Juni 2013 redio ilinyamaza. Kisahani kilirudi, eksirei zikapanda makumi ya mara, mionzi ya gama nayo ikaongezeka mara kadhaa.

Mwaka huo huo Alessandro Papitto na wenzake walionyesha jambo lile lile kwa ukamilifu zaidi, ndani ya M28, fungunyota la Mshale lenye nyota nyingi zilizosongamana. Setilaiti ya INTEGRAL iliona mlipuko wa eksirei mwezi Machi. Setilaiti nyingine, XMM-Newton, ikakuta mapigo ya milisekunde 3.9. Walipofungua kumbukumbu, nyota hiyo ilikuwa tayari imo, kama pulsari ya redio. Wiki chache baada ya mlipuko redio ilikuwa imerudi. Mfumo wa tatu, XSS J12270-4859, ulikuwa umekwenda upande wa pili mwishoni mwa 2012, ukaacha kisahani na kuanza redio.

Turudi kwa J1023, maana inastahili kutazamwa kwa karibu. Tangu 2013 eksirei zake zina ngazi mbili, ya juu na ya chini, na haikai katikati. Sehemu kubwa ya muda iko juu. Kisha, ndani ya sekunde 10 hivi, inaporomoka hadi kama moja ya sita, inakaa huko kwa sekunde au dakika kadhaa, inaruka tena juu. Grafu yake huonekana kana kwamba mtu anachezea swichi. Inapokuwa juu, eksirei hupiga kwa mzunguko wa nyota. Ikishuka, mapigo hupotea. Na mwaka 2017 Filippo Ambrosino na wenzake walitangaza, kwa kutumia darubini ya Galileo iliyoko La Palma, kwamba hata mwanga wa kawaida wa mfumo huo unapiga mara 592 kwa sekunde. Hapakuwa na pulsari ya milisekunde iliyowahi kuonekana ikifanya hivyo.

Gesi inayoanguka haiwezi peke yake kulipia mapigo hayo ya mwanga, hesabu haitoshi. Usiku mbili za Juni 2021 darubini 12, za ardhini na za angani, ziliitazama kwa pamoja. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2023 na kundi la Maria Cristina Baglio ni kwamba kwenye ngazi ya juu upepo wa pulsari hugonga ukingo wa ndani wa kisahani, na mgongano huo ndio unaowaka. Ghafla gesi ya ukingoni hutupwa nje katika mkondo mwembamba, mgongano unakosa cha kugonga, na mfumo unaanguka ngazi ya chini mpaka gesi ijae tena. Walipaji wawili, gesi na mzunguko, wamekaa kwenye meza moja na kila mmoja anamsukumia mwenzake bili.

"Mapigo ya eksirei yanatoka kwenye ncha mbili zinazokabiliana, moja kaskazini, moja kusini"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukichora. Juni 2017 chombo cha NICER kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na kazi yake kubwa ni kuhesabu eksirei za pulsari moja moja, kila moja na muda wake. Mvutano wa nyota ya nyutroni ni mkali hata hupinda mwanga, hivyo bado unaona baadhi ya mabaka yaliyokwisha kugeukia nyuma. Umbo la kila pigo, kwa hiyo, limebeba habari za mahali baka lilipo na za ukubwa wa nyota. Mwaka 2019 makundi mawili, la Amsterdam na la Maryland, yaliichambua PSR J0030+0451 bila kutegemeana. Yote yalikuta mabaka yamejazana upande mmoja wa nyota, na kwa hesabu ya kundi la Amsterdam mojawapo limerefuka kama mwezi mwandamo. Ncha mbili nadhifu hazikuwepo.

Nyota hiyo haina mwenza, na hapo ndipo ugumu ulipo: masi na kipenyo vilibidi vitolewe vyote kwenye eksirei zile zile. Mwenza akiwepo kazi inagawanyika. PSR J0740+6620 huzungukana na kibete cheupe kila siku 4.77. Kibete kinapopita karibu na mstari wetu wa kutazama, mvutano wake huchelewesha mapigo ya redio kwa sehemu ndogo sana za sekunde, na kutokana na kuchelewa huko tunajua masi ya pulsari: mara 2.08 ya Jua. Ukiipeleka namba hiyo kwenye takwimu za eksirei unapata nusu kipenyo; mwaka 2021 kundi moja lilisema kilomita 12.4, jingine 13.7. J0437-4715, yule jirani yetu, mwaka 2024 ilipewa kilomita 11.4 kwa masi ya mara 1.42 ya Jua. Vibete vyeupe hivi havichangii hata punje ya eksirei inayopimwa, na bila vyenyewe tusingejua nyutroni zimebanwa kiasi gani humo ndani.

Mei 2023 kifuniko cha NICER kilipasuka na mwanga wa Jua ukaanza kupenya. Januari 2025 mwanaanga Nick Hague alitoka nje akakibandika viraka.

"Eksirei za pulsari zinaweza kuongoza chombo cha angani"

Kweli. Novemba 2017 jaribio liitwalo SEXTANT lilitumia NICER na pulsari nne za milisekunde kutafuta mahali kituo cha anga kilipo, bila msaada wa Dunia, na likakosea kwa chini ya kilomita 16. Kituo hicho huenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde.

"Kuna pulsari inayozunguka mara elfu moja kwa sekunde"

Iliwahi kudaiwa. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba XTE J1739-285, mfumo wa nyota mbili wenye eksirei, ulionyesha katika mlipuko mmoja mapigo 1,122 kwa sekunde. Mapigo hayo hayakuonekana tena. NICER ilipoutazama mfumo huo katika mlipuko wa mwaka 2020 ilikuta mapigo 386. Namba 1,122 bado inazunguka mtandaoni.

Rekodi iliyothibitishwa ni 716, ya pulsari iliyomo ndani ya fungunyota Terzan 5, iliyotangazwa mwaka 2006 na Jason Hessels na wenzake. Ikiwa nusu kipenyo chake ni kilomita 12, mtu aliyesimama kwenye ikweta yake anakwenda kilomita 54,000 kwa sekunde. Kwa hesabu nyingi za wanafizikia, nyota ya nyutroni inaweza kuvuka mizunguko 1,000 kabla haijaanza kurusha maada yake. Mbona basi zote zinaishia chini ya hapo? Wako wanaosema sumaku ya nyota, ikishika kisahani cha gesi, huanza kurudisha ilichopewa. Wengine wanasema nyota yenye kilima kidogo tu usoni hupoteza nguvu kwa mawimbi ya mvutano. Kwa vyovyote, gesi inaendelea kulipa na salio haliongezeki.

Mwaka 2024 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walitangaza kwamba katika mlipuko mmoja wa eksirei kutoka 4U 1820-30, nyota ya nyutroni inayozungukana na kibete cheupe kila baada ya dakika 11 tu, NICER ilinasa dalili za mapigo. Yalikuwa 716 kwa sekunde, sawa na ya Terzan 5. Ni mlipuko mmoja kati ya 15 waliyoichambua, kwa hiyo namba hiyo nayo, kwa sasa, iko kwenye foleni ya kuthibitishwa.